Asiyekubali Kushindwa Si Mshindani, Mzazi Pia Akiwemo

JUMAMOSI na Jumapili ndizo siku ambazo vijana wa mitaa yetu huzingoja kwa hamu. Kuanzia Kaloleni hadi Kayole, Changamwe hadi Kondele, popote penye uwanja mtupu utakuta watoto wakitimua vumbi. Wengine wana jezi na refa mwenye kipenga. Wengine wana mpira wa matambara na mawe mawili kuwa lango, na refa wao ni kelele. Yote ni heri, kwa kuwa kijana aliye uwanjani hana nafasi ya kuwa kichochoroni akivuta kisichofaa kuvutwa.

Lakini ndugu msomaji, hebu siku moja uache kuutazama mpira, uwatazame watu wazima waliosimama kando ya uwanja. Hapo ndipo utakapoona mahali wanetu wanapojifunzia tabia ambazo baadaye tunawachapa kwa kuwa nazo.

Miezi michache iliyopita nilisimama katika uwanja mmoja wa Eastlands, jijini Nairobi, ambapo vijana wasiozidi miaka 13 walikuwa wakimenyana. Refa alikuwa mwanafunzi wa shule ya upili, kijana mwembamba ambaye kipenga kilikuwa kikimning'inia shingoni. Kijana mmoja wa pembeni alikuwa na mbio ajabu na kila alipougusa mpira difenda wa upande wa pili alibaki nyuma. Baba ya difenda huyo hakuweza kuvumilia. Alipaza sauti: "Mkate huyo! Ukimwachia apite tena, leo nyumbani hulali!"

Mtoto alimtazama baba yake, hakumtazama kocha. Mpira uliofuata, alimrukia mwenzake kwa miguu yote miwili. Sote tulisikia muundi ukilia kama kijiti kikavu. Kijana alibebwa kwa pikipiki hadi hospitalini, na mama yake, ambaye huuza mboga, akaliacha genge lake wazi akakimbia nyuma. Plasta, dawa, magongo, na muhula mzima wa kwenda shule kwa kubebwa.

Refa alitoa kadi nyekundu, nayo ilimwendea mtoto, kama sheria inavyotaka. Mtoto alitoka akilia. Baba yake aliondoka bila kadi yoyote, akisema kwamba mpira ni mchezo wa wanaume.

Mimi nauliza, ni nani hasa aliyeuvunja mguu ule?

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kandanda ni malezi kama ilivyo meza ya chakula au ibada. Katika dakika tisini, au sitini kwa watoto, kijana hukutana na karibu kila kitu atakachokutana nacho maishani: mtu anayemzidi nguvu, bahati inayomkwepa, mkubwa anayetoa uamuzi asioupenda, na rafiki anayekosea wakati mbaya. Jinsi anavyofunzwa kuyapokea haya uwanjani ndivyo atakavyoyapokea kazini na nyumbani mwake.

Tuanze na refa. Sheria ya 5 ya kandanda inasema kwamba uamuzi wake kuhusu matukio ya mchezo ni wa mwisho, na Sheria ya 12 inamruhusu kumwonyesha kadi ya manjano yeyote anayeupinga kwa maneno au kwa vitendo. Je, refa hukosea? Naam, hukosea, kama vile fowadi anavyokosa bao akiwa amebaki peke yake na lango. Tofauti ni kwamba fowadi tunampa pole, refa tunamtukania mama yake. Kijana anayewasikia wazazi wakimtukana refa Jumamosi hawezi kushangaza mtu akimtukana mwalimu Jumatatu.

Katika mashindano ya kombe la Ulaya ya mwaka wa 2024, waamuzi waliagizwa wazungumze na nahodha peke yake kuhusu maamuzi yenye utata, na mchezaji mwingine aliyewakabili kwa kelele alionywa kwa kadi. Ikiwa wanaume wanaolipwa mamilioni waliambiwa wanyamaze nahodha wao azungumze, mtoto wa miaka 11 naye anaweza kufunzwa hivyo.

Hapa kwetu tuna mfano wa kujivunia. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka wa 1987, kilipata sifa duniani kwa kuzipa timu pointi za ligi kwa sababu ya kuzoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa, mbali na zile za kushinda mechi. Isitoshe, mchezaji aliyelishwa kadi nyekundu alitakiwa kwenda kuchezesha mechi za watoto wadogo kabla ya kurudi uwanjani. Tafakari hekima iliyomo humo. Hakuambiwa tu akae nje anune. Alipewa kipenga, akasimama jua kali katikati ya watoto ishirini na wawili, akapigiwa kelele yeye. Aliporudi kwenye timu yake alikuwa ameonja utamu wa kuwa refa, na ulimi wake ulikuwa umepungua makali.

Kuna wale watakaosema kwamba adabu haishindi mechi. Hao wawaulize watu wa Senegal. Katika Kombe la Dunia la mwaka wa 2018 nchini Urusi, Senegal na Japani zilimaliza mechi za makundi zikiwa sawa kwa kila kitu. Kila moja ilikuwa na pointi 4, ilikuwa imefunga mabao 4 na kufungwa 4, na zilipokutana zilitoka sare ya 2-2. Ilibidi zihesabiwe kadi. Japani ilikuwa na kadi 4 za manjano, Senegal 6. Japani ikasonga mbele, nao Simba wa Teranga wakafunga virago. Kadi mbili tu! Ilikuwa mara ya kwanza timu kutolewa katika Kombe la Dunia kwa njia hiyo.

Wengine nao husema kwamba mtu mkali ni mkali, habadiliki. Mwaka wa 1998, mchezaji wa Italia, Paolo Di Canio, akiichezea Sheffield Wednesday ya Uingereza, alimsukuma refa hadi akaanguka chini. Alifungiwa mechi 11. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2000, akiwa na West Ham, mechi dhidi ya Everton ilikuwa sare ya 1-1 na ilikuwa ikielekea ukingoni. Mlinda lango wa Everton alikuwa amelala chini akiwa ameumia. Krosi ikamjia Di Canio, lango likiwa halina mwenyewe. Badala ya kupiga, aliudaka mpira kwa mikono ili mchezo usimamishwe na mwenzake atibiwe. Mashabiki wa Everton walisimama wakampigia makofi, na baadaye FIFA ikamtuza kwa uungwana huo. Ni mtu yule yule aliyemwangusha refa. Basi usikate tamaa na kijana wako.

Jambo la mwisho linahusu uongo. Msimu wa mashindano ukikaribia, kuna makocha, na wakati mwingine walimu, wanaochezesha mamluki: kijana mwenye ndevu anaandikwa kuwa ana miaka 14. Tatizo hili ni la dunia nzima. Katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17, mwaka wa 2009 nchini Nigeria, FIFA ilianza kuwapima wachezaji kwa picha za MRI za kifundo cha mkono ili kuona kama mifupa yao imekwisha kukomaa. Mtaani hatuna mtambo huo, lakini tuna macho. Mtoto wa kweli wa miaka 14 huachwa nyumbani ili jitu lipate nafasi, na wale wanaobaki huumizwa na mtu aliyewazidi kilo ishirini. Lililo baya zaidi ni kwamba timu nzima inamwona mkubwa wao akitia sahihi uongo, kisha inapewa kombe kwa ajili yake. Siku wakija kuiba mtihani, tutawaambia nini?

Basi tufanyeje? Mzazi, ukienda kumtazama mwanao, acha kazi ya kocha kwa kocha. Shangilia pasi nzuri hata ikitoka upande wa pili. Ukiona hasira zinakupanda, ondoka ununue soda urudi, kwani hasira ni hasara, na mtoto wa mwenzio si adui yako. Mwanao akirudi nyumbani, kabla ya kumwuliza wamefunga mangapi, mwulize kama alimpa mkono aliyecheza naye.

Kocha, usimwache nje mchezaji aliyekosa bao na kumweka ndani aliyepiga mtu kiwiko. Vijana huisoma orodha ya wachezaji kuliko wanavyosikiliza hotuba. Mweke benchi nyota wako siku moja kwa kumtukana refa, hata kama ni fainali. Huenda ukapoteza kombe, lakini timu nzima itakuwa imepata somo ambalo hawatalisahau.

Nawe mwanafunzi, ukimwangusha mwenzako, mwinue. Ukifungwa, beba mpira uuweke katikati mwanzo mpya uanze. Ukishinda, furahi na wenzako, usiende kumcheza aliyeshindwa shere mbele ya dada zake. Wiki ijayo huenda mkawa timu moja, na miaka kumi ijayo huenda ndiye atakayekuwa upande wa pili wa meza ukienda kuomba kazi.

Kijana wa Eastlands ametolewa plasta. Nasikia bado anachechemea, lakini ameanza kuugusa mpira polepole. Yule aliyemvunja hajarudi uwanjani. Wenzake wanasema kwamba anaogopa, si kuumizwa, bali kuumiza. Hao ni watoto wawili waliopotezewa mchezo wao na sentensi moja ya mtu mzima. Jumamosi ijayo kuna mechi nyingine mtaani kwako. Nenda ukatazame, ushangilie hadi sauti ikauke, lakini maneno yako yachuje kabla hayajavuka mstari.

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.