Profesa Dakika Tano, Keki Nusu Saa

NONGWA ZA WIKI, na Mwanaidi Sefu

Mgeni rasmi alichelewa. Hilo si habari. Wasomaji wangu wa tangu zamani mnajua kwamba kesi yangu na wageni rasmi ipo mahakamani tangu safu hii ianze, na hakimu naye bado yuko njiani. Kilichonikera wiki hii ni yaliyotokea baada ya mheshimiwa kufika.

Ilikuwa warsha ya chanjo, Dodoma, katika hoteli ambayo siitaji kwa sababu chapati zao zilinikosha. Walikuwepo watu wa wizara, watu wa mashirika, waganga wakuu wa wilaya, masheikh, wachungaji, na sisi waandishi tukiwa tumepangwa nyuma kabisa, jirani na mlango wa jikoni. Kwenye ratiba mtoa mada mkuu alikuwa mama mmoja, profesa. Huyu mama maisha yake yote ya kazi ameyatumia kuchimba jambo moja: serikali inapoamua kuchanja watu, ni nani aliyeishauri, alijuaje, na kwa nini alisikilizwa yeye akaachwa mwenzake. Amesoma mafaili hadi macho yakaomba miwani, amekaa kwenye mabenchi ya kliniki akisikiliza kina mama wanavyosemezana wakisubiri kupima watoto uzito. Hatibu mtu. Jina lake nalihifadhi, maana bado ana vibali vya utafiti anavyovisubiri na sitaki vichelewe zaidi kwa ajili ya mdomo wangu.

Ratiba ilimpa dakika arobaini na tano. Akaingia mgeni rasmi. Ukapigwa wimbo wa taifa, ikatambulishwa meza kuu, wakatambulishwa walioambatana na meza kuu, itifaki ikazingatiwa, kisha aliyefuata naye akaizingatia upya. Hotuba ikasomwa mpaka nukta ya mwisho, ikiwa na aya nzima ya jinsi serikali inavyowathamini watafiti. Halafu ikaletwa keki. Keki ya nini, msiniulize. Ikakatwa, meza kuu wakalishana, wapiga picha wakaomba walishane tena kwa sababu mara ya kwanza mkono wa mheshimiwa ulifunika uso wa mkurugenzi. Nusu saa nzima. Kisha mgeni rasmi akaaga, na wote wenye uwezo wa kuamua lolote wakanyanyuka naye kama vifaranga na mama yao. Ndipo mshereheshaji akashika kipaza sauti: “Muda si rafiki, kwa hiyo Profesa wetu atatupitisha kwa kifupi sana, dakika tano tu. Na jamani, huyu ni daktari wa vitabu, msije mkamwonyesha vidonda!”

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi hasira zikanipanda, na mpaka naandika hazijashuka.

Niseme mapema ili wenye haraka waende zao kurasa za michezo. Nchi inayomwita mtaalamu baada ya kuamua haijaomba ushauri, imeomba saini. Na tunaitaka hiyo saini iwe na “Profesa” mbele yake, ipigwe picha, ilishwe kipande cha keki, kisha irudi chuoni kusahihisha mitihani.

Yule mama hakunung’unika. Projekta ilikuwa imegoma (kijana wa projekta ni yule yule wa kila warsha, siku hizi naamini wanamsafirisha na mitambo yake mikoa yote), basi akafunga kompyuta yake akatusimulia habari za mpishi. Mpishi wa hospitali, mji wa Merca, pwani ya Somalia, mwaka 1977. Ndui ilikuwa imefukuzwa dunia nzima, imebaki pembe hiyo tu. Siku moja linafika gari lina watoto wawili wagonjwa, dereva haijui njia ya kwenda kambi ya karantini. Mpishi, kijana Ali Maow Maalin, anaruka garini amwelekeze. Safari ya dakika chache. Ndui ikampata. Akapona, na akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida.

Sasa, mbona hakuwa amechanjwa, na kazi yake ilikuwa hapo hapo hospitalini, chanjo zikipita mbele ya mlango wa jiko lake? Kwa maelezo yake mwenyewe miaka ya baadaye, aliona sindano inauma, akaogopa. Akaikwepa.

“Mnapenda kuandika kwenye maazimio kwamba wananchi wapewe elimu,” Profesa akasema. “Huyu alikosa elimu gani?”

Kimya. Masheikh wawili waliokaa mbele yangu wakatazamana. Akaendelea: kijana huyo huyo baadaye alizunguka kwao Somalia akihimiza watu wachanje watoto polio, akiwasimulia alivyoikwepa ya ndui na yaliyomkuta. Watu walimsikiliza kwa sababu alikuwa mwoga mwenzao. Alifariki kwa malaria mwaka 2013, akiwa bado kwenye kazi hiyo ya polio. Hapo dakika tano zikaisha. Mshereheshaji alikuwa ameshasimama pembeni yake, saa mkononi, anatabasamu kama mlinzi wa benki.

Swali likaruhusiwa moja. Akasimama mganga mmoja kijana, tai imekaza shingo. “Samahani mama, nikuulize kwa heshima tu. Sisi tunachanja, tunaokoa watoto. Kazi yako wewe hasa inamwokoa nani?”

“Chanjo unazo kwenye boksi la baridi, mwanangu,” akajibiwa. “Mimi naangalia kwa nini boksi lako linarudi limejaa.”

Yule kijana akaketi. Chai ikatangazwa. Bahasha zikaanza kugawiwa mlangoni, na kuhusu bahasha mnajua msimamo wangu, kwa hiyo tusonge mbele.

Ninachosema ni kwamba wanaomcheka daktari wa vitabu wana kumbukumbu fupi kuliko foleni ya posho. Desemba 2016 Dkt. Mwele Malecela, wakati huo Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, alieleza mbele ya waandishi kwamba utafiti wao umeonyesha dalili za virusi vya Zika nchini. Mara moja akaondolewa kwenye kiti. Shirika la Afya Duniani likamchukua, na huko akapanda hadi kuongoza idara ya magonjwa yaliyosahaulika, Geneva, mpaka alipofariki mwaka 2022. Mwanasayansi hakuwa amekosea hesabu. Alikuwa amesema kwa sauti. Kila aliyekuwa na kiti cha kuteuliwa siku ile alijifunza somo lake, na halikuwa somo la mbu.

Matunda tuliyavuna wakati wa UVIKO-19. Hadi Mei 2020 tulikuwa tumetangaziwa wagonjwa 509 na vifo 21, kisha tukaacha kuhesabu. Januari 2021, kule Chato, Rais Magufuli akasema chanjo za wazungu hazifai. Februari tukaonyeshwa mbele ya kamera jinsi ya kusaga tangawizi na malimao. Aprili Rais mpya, Samia Suluhu Hassan, akatangaza kuunda kamati ya wataalamu, na tarehe 17 Mei mwenyekiti wake, Profesa Said Aboud, akawasilisha ripoti: takwimu zitolewe, tujiunge na COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, watu waruhusiwe kuchanjwa. Julai zikashuka dozi 1,058,400 kutoka Marekani, na tarehe 28 mwezi huo Rais akachanjwa hadharani.

Niambieni, kati ya Januari na Mei kuna kirusi kilichobadilisha tabia? Wataalamu ni wale wale, maabara zile zile, majarida ya kitabibu yale yale. Aliyebadilika ni anayeuliza. Miezi yote ile jibu lilikuwepo kwenye vichwa vya watu wanaolipwa mshahara kwa kodi zetu, limekaa kimya linasubiri kuulizwa. Mtu anayetumia maisha yake kuchunguza ukimya wa namna hiyo, eti hana anayemwokoa!

Na wananchi nao si wajinga kama maazimio yanavyowaandika. Dozi zilipofika, wengi hawakwenda, tukawa mkiani Afrika kwa muda mrefu kabla ya kujikongoja. Tukasikia ni mitandao, ni uzushi, ni askofu fulani. Mitandao ina dhambi zake. Lakini midomo iliyotuhimiza tangawizi ndiyo ile ile ilituhimiza sindano, bila hata kukohoa katikati. Mimi nilichanjwa, ila jirani yangu mama Nasra, yule wa mlango wa pili ambaye barua zenu huwa zinamsalimia kuliko mimi, alisema anasubiri waelewane kwanza wao kwa wao. Nani angemlaumu?

Msinielewe kwamba nasujudu Ulaya. Ila ile kamati ya Uingereza ya ushauri wa chanjo, JCVI, huchapisha mihtasari ya vikao vyake mtu akasoma. Septemba 2021 ilikataa kupendekeza watoto wote wa miaka 12 hadi 15 wachanjwe UVIKO kwa sababu za kiafya peke yake. Serikali ikaenda kwa waganga wakuu, nao wakasema wachanjwe. Watu wakashuhudia ubishi wote hadharani, na hakuna aliyepoteza kiti. Marekani wamechagua njia nyingine: Juni 2025 waziri wao wa afya aliwafuta wajumbe wote 17 wa kamati yao ya chanjo kwa mpigo. Majirani zetu Kenya nao mnakumbuka mwaka 2014, maaskofu wa Katoliki na serikali walivyoparurana juu ya chanjo ya pepopunda. Kwa hiyo maradhi haya yana wagonjwa wengi, wengine wana viwanja vya ndege vizuri.

Sisi tunayo kamati yetu ya kitaifa ya kushauri kuhusu chanjo. Ripoti ile ya Mei 2021 angalau ilisomwa tukaisikia. Mihtasari ya kamati hii mimi sijawahi kuiona imebandikwa popote, na nimeuliza. Afisa mmoja niliyempigia alinijibu kwa swali: “Wewe unaitaka ya nini?”

Naitaka kwa ajili ya mama Nasra. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, ilikuwa kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Binti yake mkubwa alipata zote. Mwaka 2024 ikatangazwa dozi moja tu, umri kuanzia miaka 9 hadi 14. Zamu ya Nasra ilipofika, mama yake alinifuata uani, kanga kiunoni, kadi ya mkubwa mkono wa kulia na fomu ya shule mkono wa kushoto. “Hebu nisaidie, wewe unayeandika magazetini. Zile mbili zilikuwa feki, au hii moja wanabana matumizi?”

Ni swali zuri kuliko yote niliyoyasikia Dodoma. Na jibu lake linatia uchungu kwa utamu wake. Mwaka 2022 wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani kuhusu chanjo waliridhika kwamba dozi moja inamkinga binti kwa kiwango kinacholingana na mbili. Miongoni mwa ushahidi uliokuwa ukikusanywa juu ya jambo hilo ni utafiti uitwao DoRIS, uliowaandikisha wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14, wakapangwa makundi ya dozi moja, mbili na tatu, na damu yao ikafuatiliwa. Wasichana wa wapi? Mwanza. Mwanza yetu hii ya sato na mawe. Mabinti wa huko walitoa mikono yao, watafiti wa Tanzania wakiwa kazini pamoja na wenzao wa nje, dunia ikajifunza kwao, na mama wa Kitanzania anabaki na kadi na fomu uani akidhani amepunjwa.

Nilimweleza. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanisikiliza hadi mwisho, akataka nirudie hapo pa Mwanza. “Sasa si wangesema?” Fomu akaisaini juu ya goti langu, kwa kalamu yangu, ambayo hajairudisha.

Hiyo kazi iliyofanyika uani kwangu kwa muda wa kukatia mchicha ndiyo aliyokuja kuieleza Profesa, pengine kwa ufasaha mara mia, mbele ya watu wenye magari ya kuifikisha kila wilaya. Wakamnyima muda wakakata keki. Na kesho yake gazeti moja, si hili, lilibeba kichwa cha habari kwamba serikali imepokea ushauri wa wataalamu wa chanjo. Umepokelewa na nani? Aliyetakiwa kuupokea alikuwa barabarani, king’ora kinalia.

Nimeambiwa warsha inayofuata itakuwa Morogoro na barua ya mwaliko ninayo. Mgeni rasmi ametajwa kwa cheo chake chote, mistari mitatu. Watoa mada wameandikwa kwa pamoja: “wataalamu mbalimbali.”

Wanaojiandaa kuniandikia kwamba nimetumwa na mabeberu, anwani ni ile ile. Ila mvumilie foleni, maana bado nawajibu walioniandikia kuhusu minara ya simu.