Looper: Uzito wa Maudhui na Udhaifu wa Mantiki ya Wakati

Filamu ya Looper (2012), iliyotungwa na kuongozwa na Rian Johnson wa Marekani, inafaa kuhakikiwa kwa jinsi inavyoushughulikia wakati. Mwaka 2044, Joe analipwa vipande vya fedha ili awaue watu wanaorudishwa kwake na genge la wahalifu kutoka miaka 30 ijayo. Siku moja anayeletwa ni yeye mwenyewe, akiwa mzee.

Kimaudhui, filamu imefaulu. Joe mzee anawasaka watoto ili amwangamize atakayekuja kuwa jambazi mkuu. Joe kijana anatambua kuwa mauaji hayo ndiyo yatakayomzaa jambazi huyo, naye anajiua. Kama asingalijiua, uovu ungaliendelea. Hapo uhalifu unageuzwa kuwa suala la uamuzi wa mtu binafsi.

Kifani, hata hivyo, kuna dosari. Seth kijana anapokatwa vidole na viungo vingine, vile vya Seth mzee anayetoroka vinatoweka kimoja kimoja. Kama vilikatwa miaka 30 iliyotangulia, alitorokaje? Ni sawa na kukibebesha kitenzi kimoja viambishi -li- na -ta- kwa pamoja.

Mtunzi anaikwepa hoja hii kwa kumfanya Joe mzee akatae kuijadili. Kwa maoni yetu, dosari hii si ndogo, kwani kifo cha Joe kinategemea kanuni hiyohiyo: kijana akifa, mzee hutoweka. Bunilizi ya kisayansi ina uhuru wa kujitungia kanuni. Haina uhuru wa kuzivunja.