Ramani ya mmea mla wadudu imfae mkulima wa Ufipa

Mchuuzi wa Kirando anayepandisha dagaa Namanyere na kurudi na mahindi hana muda wa kuwaza kimmea kidogo chenye majani mekundu na matone ya ulimbo. Hata hivyo, kimmea hicho kinamhusu.

Wataalamu hukiita Drosera. Hunasa wadudu na kuwala kwa sababu huota kwenye majimaji yenye tindikali, ambako naitrojeni ni haba. Nchini Tanzania, Drosera madagascariensis huota nyanda za juu. Kwa lugha ya soko, palipo na mmea huo mahindi yatadai mbolea nyingi kabla ya kutoa gunia moja. Wafipa walijua zamani kulisha udongo hafifu kwa kufukia nyasi kwenye matuta ya ntumba. Lakini bonde la majimaji likichimbiwa mifereji hukauka, mmea hufa, na kijito kinachoteremka ziwani kiangazi huwa mashakani.

Ndiyo maana ramani inahitajika. Mahali mmea ulipoonekana hurekodiwa, kompyuta hulinganisha mwinuko, mvua na udongo, kisha huonyesha kwingine panapofanana. Hapo unaweza kuota, si lazima upo. Wenyeji ndio wa kwenda kuhakikisha kwa miguu.

Kuchelewa kuna gharama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka kutoka Tanzania kwenda Zambia kupikwa chikanda. Hifadhi ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, wachimbaji wakiwa wameshatangulia. Drosera nayo ina soko: Ulaya hutengenezewa dawa ya kikohozi, na imekuwa ikichumwa Madagaska kwa ajili hiyo. Mnunuzi akibisha hodi, kijiji kisichojua kina nini hakiwezi kupanga bei wala kukataa.

Sheria zipo: ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ya Mazingira ya 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za maji, na ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007. Halmashauri za Nkasi na Sumbawanga ziyaingize mabonde haya katika mipango ya vijiji kabla ya kugawa mashamba mengine. Na mwenye bustani ya nyanya bondeni asiambiwe ahame tu. Aonyeshwe kwanza pa kulima.