Afya ya dereva wa lori ni amana, na cheti chake ni ushahidi

Kila sifa njema anastahiki Allah Mtukufu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ndugu wasomaji, siku moja baada ya swala ya Maghrib alinisubiri nje ya msikiti mtu mzima wa rika langu, dereva wa malori ya masafa marefu kwa zaidi ya miaka ishirini. Tuliposalimiana alinivuta pembeni akaniambia: "Sheikh, nina suali, lakini naomba lisitoke hapa."

Alinieleza kuwa ana ugonjwa wa kisukari kwa miaka mitatu sasa na anameza vidonge. Safari nyingine, akiwa amechelewa kula, mikono humtetemeka, jasho jembamba humtoka na macho huingia ukungu. Mara mbili amejikuta amekwishapita kijiji anachokijua vyema bila ya kukumbuka alikipita vipi. Tajiri wake hajui. Kila anapodaiwa cheti cha afya, huenda katika zahanati fulani, akatoa fedha, na karatasi ikagongwa muhuri pasina mkono wake kufungwa hata kipimo cha presha. Kisha akauliza: "Nikisema ukweli nitaachishwa kazi, na nina watoto wanne wanaosoma. Nikinyamaza, je, nina dhambi?"

Usiku ule sikumjibu. Nilimwomba jambo moja tu, asiondoke na safari inayofuata mpaka aonane na daktari wa kweli. Leo, kwa idhini yake na bila ya kumtaja, nalijibu suali lake hapa, kwa kuwa si lake peke yake.

Tuanze na ukubwa wa amana yenyewe. Lori la mizigo katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusiwa kufikia uzito wa tani 56 pamoja na shehena yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Dereva hupita katikati ya mbuga ya Mikumi, hupanda kona za Kitonga, hupita Makambako na kushuka milima ya Mbeya, na wengi wao huko ndiko kwanza safari ya Zambia na Kongo inapoanza. Gari likienda mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 katika kila sekunde moja. Dereva akisinzia au akizimia kwa sekunde nne tu, lori limekwenda karibu mita 90 bila ya mwongozaji. Katika mita hizo tisini linaweza kuwamo basi la abiria, bodaboda iliyombeba mama na mwanawe, au watoto wanaotoka madrasa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Si ajali zote hizo zinatokana na maradhi ya madereva. Lakini maradhi ni miongoni mwa sababu ambazo mwanadamu anaweza kuzijua kabla ya gari kuwashwa, na linalojulikana kabla halina udhuru baada ya maafa.

Wanazuoni wetu wameitaja hifadhi ya nafsi miongoni mwa makusudio matano ya Sharia, pamoja na hifadhi ya dini, akili, kizazi na mali. Kwa hiyo sharti la kumpima dereva lisichukuliwe kuwa ni usumbufu wa maofisa, kwani lina asili katika dini yetu. Na wale waliotutangulia katika elimu ya viwango hivi wameyaweka mambo yao wazi. Nchini Marekani, cheti cha afya cha dereva wa lori hakizidi miezi 24, na tangu mwaka 2014 daktari anayekitoa lazima awe amefunzwa na kuorodheshwa katika daftari la taifa. Dereva hupimwa macho, rangi za taa, usikivu, moyo, sukari na presha. Aliye chini ya 140 kwa 90 huweza kupewa cheti cha miaka miwili, aliyepanda kidogo hupewa muda mfupi zaidi, na aliyefika 180 kwa 110 haruhusiwi kuendesha mpaka presha yake ishuke. Nchini Uingereza, dereva wa lori akifika umri wa miaka 45 huleta taarifa ya daktari kila baada ya miaka mitano, na akifika 65 huileta kila mwaka. Aliyekuwa na kifafa haendeshi lori mpaka apite miaka kumi bila ya kuanguka na bila ya dawa za kifafa.

Usingizi nao una hukumu yake. Wataalamu wamepima na kuona kuwa mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono kama aliyekunywa pombe. Sheria ya Kenya inamzuia dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Sasa sisi tunaoiona pombe kuwa ni haramu, tutasemaje juu ya tajiri anayemwagiza dereva afike mpakani alfajiri bila ya kulala, naye dereva akatafuna mirungi ili macho yasifumbe? Mirungi humchelewesha mtu kusikia uchovu, lakini uchovu wenyewe unabaki mwilini, na siku unapomwangusha humwangusha ghafla.

Sasa nirudi kwa suali la ndugu yangu. Ndiyo, kuyaficha maradhi yanayoweza kumzimisha mtu akiwa nyuma ya usukani ni khiyana. Barabara si mali ya dereva peke yake hata aseme kuwa anajihatarisha mwenyewe. Anayeua kwa kukosea, Qur'ani Tukufu imemwekea diya na kafara katika Suratun Nisaa, na hapo anazungumzwa aliyekosea tu. Je, hali ya aliyejua, akaonywa na mwili wake mara mbili, kisha akaenda mara ya tatu, itakuwaje?

Lakini ingekuwa dhulma kumtwisha yeye mzigo wote, maana khiyana hii ina washirika.

Wa kwanza ni aliyegonga muhuri. Cheti cha afya ni ushahidi. Anayeandika kwamba amempima mtu hali hajamgusa ametoa ushahidi wa uongo, nao unahesabiwa miongoni mwa madhambi makubwa. Mafakihi wamesema kuwa anayejitia kutibu bila ya ujuzi anabeba dhamana ya madhara yake. Basi aliye na ujuzi akauuza kwa noti chache hastahiki udhuru zaidi ya huyo.

Wa pili ni tajiri. Matajiri wengi hutaka cheti lakini hawataki habari. Dereva akijulikana ana presha au kisukari, jibu huwa ni kumfukuza, na wenzake wote hujifunza siku hiyo hiyo kwamba dawa ya ugonjwa ni kunyamaza. Kwa kuutafuta usalama kwa njia hiyo, tajiri ameuzalisha uongo ndani ya yadi yake.

Zingatieni kuwa viwango vya haki havimfungii mgonjwa mlango. Nchini Marekani, tangu mwaka 2018, dereva anayetumia insulini haondolewi kazini kwa sababu ya insulini peke yake. Daktari anayemtibu huthibitisha kuwa sukari yake imetulia, kwa kutazama kumbukumbu za vipimo za miezi mitatu. Uingereza humtaka dereva wa namna hiyo ajipime sukari kabla ya kuanza safari na kila baada ya saa mbili akiwa njiani. Presha hudhibitiwa kwa dawa, macho hurekebishwa kwa miwani, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo. Lengo la kipimo ni kumtibu mtu arejee kazini akiwa salama, na kumzuia yule tu ambaye hali yake haijatulia. Kipimo kisichofuatwa na matibabu kitakimbiwa, na wa kwanza kukikimbia ni wale wanaokihitaji zaidi.

Wa tatu ni sisi wa nyumbani. Mke ndiye anayejua kuwa mumewe hukoroma kwa nguvu, kisha pumzi ikakatika, kisha akashtuka kama anayezama majini, na asubuhi akaamka na kichwa kizito. Mambo hayo ni dalili za ugonjwa unaomnyima mtu usingizi usiku na kumletea usingizi mchana, hata ikiwa amelala saa nane. Unatibika, na kwa mnene kupunguza uzito husaidia sana. Dada yangu, usimcheke mumeo kwa kukoroma, mpeleke hospitali. Nanyi vijana, mkimwona baba anasogeza gazeti mbali na karibu ili asome, mwambieni kwa adabu akapimwe macho. Hata dawa ya mafua inayonunuliwa dukani huweza kumsinziza mtu, kwa hiyo aulizwe muuza dawa kabla ya safari.

Na Ramadhani ina jambo lake. Wako madereva wenye kisukari wanaofunga wakiwa njiani wakidhani kuwa kuvumilia ndio uchamungu. Mwenyezi Mungu, katika Suratul Baqara, amewapa rukhsa wagonjwa na wasafiri, na dereva huyu amezikusanya sifa zote mbili. Kuipokea rukhsa ni ibada. Aliye na swaumu za kulipa atazilipa, na ambaye maradhi yake hayamruhusu kabisa atatoa fidia. Roho zilizopotea barabarani hazina siku ya kulipwa kadha.

Ndugu yangu yule alikwenda hospitali. Daktari alimbadilishia dawa, akamfundisha kutumia kile kipimo kidogo cha sukari, na akamzuia kuendesha kwa muda mpaka hali itulie. Tulikwenda pamoja kwa tajiri wake. Alikunja uso mwanzo, na nikaogopa kuwa nimemharibia mtu riziki yake. Mwishowe alikubali awe yadini akikagua magari, kwa mshahara bila ya posho ya safari. Si kila tajiri angekubali, nami sitawadanganya kwamba ukweli hauna gharama. Nyumba yake imepunguza matumizi, na watoto wake wanajua sababu.

Ndiyo maana nasema kwamba misikiti yetu, vyama vya madereva na wenye magari wakae pamoja na kuweka mfuko wa kumsaidia dereva aliyesimamishwa kwa ajili ya matibabu. Zaka na sadaka zina nafasi hapa, kwani aliyekatikiwa na kipato akawa hana cha kuwalisha watoto wake ni muhitaji. Tukimpa dereva njia ya kusema ukweli bila ya watoto wake kulala na njaa, hapo tutakuwa na haki ya kumlaumu atakayeficha.

Tunamwomba Allah awalinde walioko njiani, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe wenye kuzitekeleza amana. Amin. Wallahu a'lam.