Mtoto Asiyebeba Bunduki

Watoto wa Kasongo na Kabambare wanatudai hadithi moja: hadithi ya mtoto aliyeokoka vita bila kushika bunduki.

Mtoto wa Kiafrika anapotokea katika kitabu cha vita, mara nyingi hutokea akiwa na silaha. Mwaka 2000 Ahmadou Kourouma wa Kodivaa alitoa riwaya yake, Allah n'est pas obligé, juu ya mtoto askari katika vita vya Liberia na Sierra Leone. Kwetu nako, tangu AFDL ilipoanza vita mwaka 1996, neno kadogo limekuwa jina la mtoto mwenye bunduki. Ukweli huo hatuukatai. Tunakataa kuufanya ukweli wote. Watoto walio wengi wa Maniema hawakubeba bunduki. Walibeba mdogo wao mgongoni, sufuria kichwani na kuku kwapani. Nani amewaandika?

Wenzetu wa Ulaya waliandika habari za watoto wao. Mwaka 1956 Ian Serraillier alisimulia juu ya watoto wa Warsaw waliotafuta wazazi wao, na kati yao yumo Jan na jogoo wake mpendwa. Mwaka 1982 Michael Morpurgo alimpa farasi Joey sauti ya kusimulia vita vya 1914–1918. Vitabu hivyo ni vyema, ila visiwe kipimo chetu. Katika vita hivyohivyo, upande wetu, mbung'o waliangamiza farasi na punda, hata mizigo ya jeshi la Kongo lililoingia Tabora mwaka 1916 ikabebwa na watu. Anayetafuta farasi wa vita katika historia yetu atamkuta mpagazi.

Basi tuwaandike wanyama wetu jinsi walivyo. Mbuzi wa Kabambare ni karo ya shule, ni dawa, ni mahari. Ndiyo maana mwenye silaha humtafuta kwanza. Waasi wa 1964 walijiita Simba: mnyama mkubwa akatoa jina, wanyama wadogo wakatoa nyama. Na jogoo je? Akiwika alfajiri mahali familia ilipojificha msituni, huweza kuwaita wauaji. Mtoto amemkumbatia, mama ameshika kisu, na kuna watoto wengine watatu wamelala chini ya majani. Mwandishi amfanye mtoto huyo atende nini, na baadaye aishije na mama yake? Hapo ndipo hadithi inapoanza. Anayeandika kwamba jogoo alielewa hatari akanyamaza, anamdanganya msomaji ambaye anawajua jogoo.

Tazameni pia simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa jikoni huko Kivu Kusini. Ng'ombe na mbuzi walipoporwa, familia nyingi ziliwategemea hao: hutosha kikapuni, huzaa upesi, hufichika kwa urahisi. Mara nyingi mchungaji wao ni mtoto, anayewakatia majani asubuhi na kuuza mmoja ili apate daftari. Hapo hamna shujaa wa kupigiwa makofi, lakini watu wameishi.

Wako wanaosema: waacheni watoto wasahau. Tunawajibu kwamba mtoto anayeshtuka kila mlango unapogongwa hajasahau kitu. Kimya chetu humfundisha tu kwamba aliyoyaona ni mzigo wake peke yake. Wazee waliotusimulia habari za sungura hawakuficha meno ya fisi. Walitaka mdogo ajue kwamba wakubwa hula, na kwamba akili huweza kumwokoa.

Wengine huuliza: mbona mnazungumzia mbuzi, na watu wamekufa? Swali hilo lina uzito. Kitabu kitakacholia juu ya mbuzi na kupita kimya juu ya waliouawa kitakuwa tusi kwa marehemu. Lakini mtoto asiyeweza bado kulitaja jina la baba yake huweza kumtaja mbuzi wake, rangi yake, kamba yake, na siku alipochukuliwa. Akianza na kamba, ataweza siku moja kufika kwa mkono ulioishika. Mnyama katika hadithi na awe mlango, asiwe pazia.

Kwa hiyo tunawaomba, vijana, msingoje mwandishi kutoka mbali. Kaeni na waliokimbia mwaka 1998, au miaka ya karibuni kandokando ya Salamabila. Msimlazimishe mtu kusema. Atakayekubali, mwulizeni alibeba nini, na mnyama gani alibaki nyumbani. Andikeni kwa Kiswahili chetu, badilisheni majina, na mmsomee yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema futeni, futeni.

Bunduki imekwisha kupata waandishi wa kutosha. Aliyebeba kuku kwapani anawangoja ninyi.