Kukaa Tu Kusiwe na Bei

Hebu nikuulize. Ni saa kumi jioni, umetoka nyumbani kwa sababu chumba kimekuwa jiko, mfukoni una hamsini, na unataka kukaa mahali saa moja tu na beshte yako mpige stori. Hapa Changamwe unaenda wapi?

Usiniambie hotelini. Ukimaliza chai yako wanaanza kukufutia meza mara tatu, hata kama ni safi. Mkahawa wenye waifai ndio usiseme, kikombe kimoja ni chakula cha siku mbili. Na kwao beshte yako? Kwao pia ni chumba kimoja, na mamake amerudi kazini amechoka.

Angalia eneo letu lilivyopangwa. Mafuta yana matangi yake, ingawa kiwanda kiliacha kuyasafisha 2013. Ndege zina uwanja wake kule Port Reitz. Kontena zina yadi. Trela zina pa kulala, na zikikosa zinalala barabarani na hakuna anayeziuliza kitambulisho. Yaani mzigo ukishuka Kilindini unajua utatulia wapi. Lakini sisi binadamu, ambao sensa ya 2019 ilituhesabu 131,882 katika kaunti ndogo ya Changamwe, tumepangiwa pa kulala na pa kufanyia kazi basi. Pa kukaa tu, jaribu kutaja.

Najua utasema Mama Ngina. Ni kweli, pale ni pazuri. Tangu pafunguliwe upya Oktoba 2019, ukifika unakaa, unapigwa na upepo wa bahari, unaangalia meli zikiingia, mibuyu iko palepale, na mhogo wa ndimu na pilipili unaununua ukitaka. Hutaki, hulazimishwi. Hivyo ndivyo mahali pa umma panavyofaa kuwa. Shida ni kwamba Mama Ngina iko upande wa pili wa kisiwa. Kutoka Changamwe unapanda matatu hadi mjini, unapanda nyingine au unatembea, kisha jioni urudi na foleni. Bure yenye nauli ya kwenda na kurudi si bure tena. Hata feri ya Likoni, ambayo mtu wa miguu halipi, mimi nishavuka na kurudi mara mbili kwa ajili ya upepo tu. Raha ni raha, ila pia lazima ufike Likoni kwanza.

Kwa hiyo tunafanya nini? Tunajitengenezea. Kila mtaa hapa una maskani yake: ubao umewekwa juu ya mawe mawili chini ya mkungu, kreti za soda zimegeuzwa viti, drafti inachezwa kwa vizibo vya chupa, na mwenye kahawa anapita na dele lake magharibi ikikaribia. Hakuna serikali iliyojenga pale. Watu wameona kivuli wakakaa. Ukitaka kujua kazi ya mjengo iko wapi, nani anauza simu, nani amefiwa na mchango unaenda kwa nani, utazipata pale kabla hazijafika kwenye simu yako.

Lakini maskani haina ulinzi wowote. Mwenye kiwanja akitaka kujenga, mkungu unakatwa. Gari la askari likikata kona, watu wanasimama hata kama hawajafanya lolote, kwa sababu kijana aliyekaa bila kununua kitu ni mshukiwa tayari. Mzee akikaa pale anaitwa mstaafu. Mimi nikikaa palepale naitwa mzururaji.

Hili nililijua vizuri nilipoacha chuo. Watu walinihurumia kwa sababu ya cheti. Cheti kweli kiliniuma, ila kilichoniuma kila siku ni benchi. Chuoni nilikuwa na benchi chini ya mwembe, naweza kukaa mchana kutwa nasoma, nasikiliza wenzangu wakibishana, na hakuna aliyeniuliza nafanya nini. Karo iliponishinda, kadi ikaacha kunipitisha getini. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba hata kukaa nilikuwa nakulipia.

Tena mimi ni mvulana. Dada zetu je? Hesabu maskani zote unazozijua, uniambie wasichana wangapi wanaweza kukaa pale nusu saa bila kupigiwa mluzi au kuulizwa kwao. Msichana wa Changamwe akitaka kukaa na wenzake inabidi awe anasukwa nywele, anachota maji au anauza kitu. Lazima awe na sababu. Giza likiingia, hata sababu hiyo haimtoshi.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuzwa: vijana wakipewa mahali watavuta bangi na kupanga wizi. Mimi nauliza, hayo yanafanyika wapi sasa? Nyuma ya ukuta, kwenye nyumba isiyoisha kujengwa, mahali ambapo hakuna mama anayepita. Nenda Mji wa Kale uangalie baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba. Wazee walizijenga zikitazama njia. Aliyekaa anaona kila mtu, na kila mtu anamwona yeye. Ukipita bila salamu utasemwa hadi nyumbani kwenu. Watu wenyewe ndio ulinzi.

Sasa, Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaikabidhi kaunti kazi ya bustani, fuo na sehemu za burudani. Kwa hiyo tukidai benchi hatuombi sadaka, tunadai kazi ifanywe. Na wala sisemi tujengewe Mama Ngina nyingine. Miti iliyopo isikatwe. Chini yake ziwekwe benchi za saruji ambazo hakuna atakayeziuza kwa vyuma chakavu. Iwekwe taa, ili dada akae hadi saa moja na nusu bila hofu. Pawe na mfereji wa maji na choo kinachofunguliwa. Na kila kiwanja kilichobaki wazi kijulikane ni cha umma, kwa mipaka na kwa hati, kabla hatujaamka tukakuta mabati yamekizunguka.

Na sisi tuna kosa letu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao. Vikao hivyo wanaendaga wazee na wagombea wa kesho. Sisi tunaona tangazo, tunapita. Kisha pesa zikienda kwingine tunalalamika maskani. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park kule Nairobi, akatukanwa na wakubwa, na jengo halikujengwa. Alipigania nyasi za kukalia. Sisi tunashindwa kwenda kikao kimoja kusema neno "benchi"?

Kikao kijacho cha wadi yako, nenda. Mchukue na dada yako, yeye ndiye mwenye hoja kubwa kuliko yangu. Taja mti kwa jina la mtaa wake, useme pale tunataka pa kukaa.

Kabla ya siku hiyo, ukipita ukatukuta tumekaa, usituulize tunafanya nini. Toa salamu, usogezewe kreti, ukae.