Cancún: Kwa nini jiji la fukwe lililazimika kutafuta mchanga?

Jiji la Cancún nchini Mexico linaishi kwa mchanga wake mweupe. Hata hivyo, mwaka 2006, na tena kuanzia 2009, mchanga ulilazimika kuvutwa kutoka chini ya bahari na kumwagwa ufukweni. Lilifikaje hapo?

Miaka ya 1960 eneo hilo lilikuwa na watu wachache sana. Serikali, kupitia benki kuu, ililichagua kwa ajili ya utalii ili kupata fedha za kigeni. Ujenzi ulianza 1970, na hoteli za kwanza zikafunguliwa 1974. Leo jiji lina wakazi karibu 900,000.

Tatizo linaanzia kwenye jiografia. Hoteli kubwa zimejipanga juu ya kisiwa chembamba cha mchanga chenye umbo la tarakimu 7. Upande mmoja ni Bahari ya Karibi, upande wa pili ni ziwa la maji ya chumvi la Nichupté. Dhoruba inapokula ufukwe wa aina hii, matuta ya mchanga yaliyo nyuma yake ndiyo akiba ya kuujaza tena. Cancún ilijenga hoteli juu ya akiba hiyo. Wimbi likigonga ukuta wa zege, linarudi baharini na mchanga uliobaki.

Hali ya hewa haisaidii. Kuna joto mwaka mzima, lakini Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga. Gilbert ilipiga 1988. Oktoba 2005 Wilma ilikaa eneo hilo zaidi ya siku nzima, na sehemu nyingi za ufukwe zikabaki mwamba mtupu. Hoteli zilipofungwa, wahudumu na madereva walikosa kipato.

Kwetu, vimbunga ni nadra, ingawa Hidaya ilifika Mafia Mei 2024. Lakini mawimbi hayasubiri kimbunga ili yale ufukwe. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Wapo wanaoiona kama kikwazo kwa wawekezaji. Cancún inaonyesha kwamba mita hizo ndizo zinazolinda hoteli yenyewe, na ajira za wanaoitegemea.